Kidonge kinachofunguka utumbo mpana: shajara ya mradi, Machi hadi Julai

Machi, juma la kwanza

Mradi huu una lengo moja: kidonge cha mesalazini, dawa ya kutuliza uvimbe wa utumbo, kinachomezwa, kinachopita tumboni na kwenye utumbo mwembamba bila kuachia dawa, kisha kinafunguka ndani ya utumbo mpana, pale penye vidonda. Wagonjwa tunaowakusudia ni wale wa kolaitisi ya vidonda. Ugonjwa wa Crohn, ndugu yake katika uvimbe wa utumbo, tumeuacha kwa sasa. Huo waweza kushika popote kuanzia kinywani hadi tundu la haja kubwa, hula ukuta wa utumbo hadi ndani kabisa, na mesalazini imeonekana kuwa dhaifu mbele yake. Kolaitisi ya vidonda ina mipaka: hukaa utumbo mpana tu, huanzia chini kwenye rektamu na kupanda juu, na hushika tabaka la ndani. Dawa inayoligusa tabaka hilo moja kwa moja ina nafasi nzuri ya kuutuliza.

Tatizo ni kuifikisha. Mesalazini ikimezwa tupu hufyonzwa haraka sehemu ya juu ya utumbo mwembamba, ikaingia kwenye damu na kutoka na mkojo, huku vidonda vikiingoja chini. Kuna dawa za kuingizwa kwa njia ya haja kubwa, nazo hufanya kazi vizuri mahali zinapofika. Lakini tembe ya kuingiza haivuki rektamu, na dawa ya maji hufika upande wa kushoto wa utumbo mpana. Mgonjwa ambaye uvimbe wake umepanda hadi upande wa kulia anahitaji dawa inayotoka juu.

Historia ya jambo hili naipenda, na kila mwanafunzi anayejiunga nasi naanza naye hapo. Mwishoni mwa miaka ya 1930, Nanna Svartz, daktari wa Uswidi, alikuwa akitafuta dawa ya baridi yabisi. Zikaunganishwa dawa ya salfa na salisilati kuwa molekuli moja, sulfasalazini, na baadaye ikaonekana kwamba wagonjwa wa kolaitisi waliopewa walipata nafuu. Sababu haikujulikana kwa miongo kadhaa. Mwaka 1977, huko Oxford, Azad Khan, Piris na Truelove waliwapa wagonjwa vipande vya molekuli hiyo kila kimoja peke yake, wakaona kwamba kinachotibu ni kile cha salisilati, ndiyo mesalazini. Kile cha salfa kilikuwa mbebaji tu, na ndicho kilicholeta madhara mengi: kichwa kuuma, kichefuchefu, na kwa wanaume kupungua kwa mbegu za uzazi hadi dawa iachwe. Waliokata kiungo kati ya vipande hivyo viwili ni bakteria wa utumbo mpana. Dawa ilisafiri ikiwa imefungwa, wao wakaifungua.

Machi, katikati

Baada ya 1977 watengenezaji walitaka mesalazini bila mbebaji wake, na wengi wakashika njia ya pH, kipimo cha asidi ambacho namba ikiwa ndogo asidi ni kali. Tumboni kuna asidi kali, pH 1 hadi 3 mtu akiwa hajala. Ukivuka hapo inapanda, karibu 6 mwanzoni mwa utumbo mwembamba, na kufika takriban 7.4 mwishoni mwake. Eudragit S, polima (aina ya plastiki) ya kupakia vidonge, haiyeyuki mpaka pH ipite 7. Ukikipaka kidonge utando wa polima hiyo, kitavuka tumbo kikiwa kizima na kufunguka karibu na mlango wa utumbo mpana.

Hesabu hiyo hutoka vizuri kwa mtu mwenye afya, na hata kwake si kila mara. Kidonge kikishaingia utumbo mpana, pH inashuka tena hadi karibu 6, kwa sababu bakteria huchachusha mabaki ya chakula na kutoa asidi. Kwa hiyo kidonge kina kipande kifupi tu cha njia, mkia wa utumbo mwembamba, ambapo pH inazidi 7. Kikipapita mbio, kinaingia mahali ambapo utando hauna sababu ya kuyeyuka. Kundi la Abdul Basit la University College London lilifuatilia vidonge vya namna hii kwa kamera ya gama, inayoona mnunurisho kutoka kwenye kidonge, ndani ya watu wenye afya, na baadhi ya vidonge vilitoka vizima.

Sasa fikiria mgonjwa. Anaharisha, kwa hiyo kila kitu kinapita mbio. Uvimbe ukiwa mkali, pH ya utumbo mpana inaweza kushuka chini sana ya ile ya mtu mwenye afya. Ugonjwa wenyewe unaharibu alama ambayo utando unaisubiri. Jambo hili nimelizungumza mara nyingi na wenzangu kwenye mkutano wetu wa Jumatatu, na tumekubaliana iwe kanuni ya mradi: kila jaribio lifanywe kwa hali ya utumbo mgonjwa, na lile la utumbo wenye afya liwe la kulinganishia tu.

Machi, juma la mwisho

Daktari wa matumbo tunayeshirikiana naye aliniruhusu kukaa kwenye kliniki yake asubuhi nzima nisikilize. Nimetoka na mambo mawili, na la pili limebadilisha mradi.

La kwanza lilisemwa na dada mmoja anayeuza nguo Ngara, Nairobi.

"Daktari, hivi vidonge mimi naviona vikitoka."

"Vinatoka vizima, dada, au ni maganda?"

"Vingi ni maganda. Lakini kimoja kilikuwa kizima kabisa. Nilikiosha nikakitazama vizuri."

"Pole sana. Hilo halitokani na kosa lako. Endelea kuniambia kila ukikiona."

Ganda tupu halinisumbui, maana dawa imeshatoka. Kidonge kizima ni dozi iliyolipiwa na haikutibu. Mtu mwenye uvimbe mkali huhitaji gramu 2.4 hadi 4.8 za mesalazini kwa siku, miezi mingi, na anazinunua kwa pesa ya mauzo ya nguo. Hana dozi ya kupoteza.

La pili lilitoka kwa daktari mwenyewe tulipokuwa tukinywa chai. Mtu akiharisha damu hapa Nairobi, dhana ya kwanza ni amiba. Ni dhana yenye msingi, kwa kuwa maambukizi ni mengi, na kolonoskopi ni ghali. Hata kifua kikuu cha utumbo hufanana sana na Crohn, na daktari asiyekiondoa kwanza anaweza kumdhuru mgonjwa kwa kumpa dawa za kushusha kinga. Matokeo yake ni kwamba karibu kila mgonjwa anayemfikia ameshameza metronidazoli, dawa ya amiba, wengine wakairudia tena na tena, na kuna wanaojinunulia wenyewe duka la dawa kila tumbo linapochafuka.

Metronidazoli huua bakteria wasiotumia oksijeni. Hao ndio wenyeji wakuu wa utumbo mpana, na ndio tuliokuwa tumepanga watufungulie kidonge.

Nilirudi maabara na kuchora upya. Utando unaotegemea pH peke yake utabaki umefungwa kwa mgonjwa mwenye uvimbe mkali. Unaotegemea bakteria peke yake utabaki umefungwa kwa mgonjwa aliyetoka kumeza metronidazoli. Tunataka mlango wenye funguo mbili, na ufunguo wowote utakaopatikana uwe unatosha. Kundi lile la London lilichapisha utando wa namna hiyo mwaka 2008: Eudragit S na wanga sugu vikichanganywa kwenye tabaka moja, sehemu 70 kwa 30. Polima huulinda wanga usivimbe tumboni, na bakteria huula wanga wakaacha matundu hata polima isipoyeyuka. Wazo ni lao. Kazi yetu ni kuona kama litasimama kwa wanga wa hapa na kwa historia ya dawa aliyo nayo mgonjwa wa hapa.

Aprili, mwanzoni

Wanga sugu ni ule ambao vimeng'enya vya kongosho haviuwezi, kwa hiyo unafika utumbo mpana ukiwa mzima. Unaouzwa kwa kazi hii kwa kawaida hutokana na mahindi maalum yenye amilosi (aina ya wanga) nyingi, na lazima uagizwe nje. Tulitaka wa karibu. Muhogo tuliuacha mapema, wanga wake humeng'enywa kwa urahisi. Ndizi mbichi za kupika ndizo zilizobaki. Wanga wa ndizi ambayo haijaiva wala kupikwa umejipanga ndani ya chembe kwa namna ambayo amilesi, kimeng'enya cha kuvunja wanga, haipati pa kushika. Ukiupika, chembe zinavimba na kupasuka, na usugu unapotea. Ndizi ikiiva, wanga unageuka sukari. Kwa hiyo kila kitu kifanyike mbichi na baridi.

Ndizi tunanunua soko la Marikiti, zinazoshuka kutoka Kisii na Meru. Mama anayetuuzia ameshazoea.

"Mwanangu, hizi ni changa mno. Chukua zile za upande ule, zimekomaa."

"Nipe changa na zilizokomaa, Mama, lakini isiwepo hata moja iliyoanza kugeuka rangi."

Alizikagua chane kwa chane, akakataa kunipa mbili alizoziona zimeanza kulainika kwenye shingo. Jicho lake kwa ukomavu wa ndizi ni kipimo ninachokiamini, na nimeanza kuandika maelezo yake pembeni ya matokeo ya maabara. Zile zilizokomaa lakini bado za kijani zimetupa wanga mwingi kuliko changa, alivyosema.

Tunamenya ndani ya maji yenye asidi ya sitriki ili zisiwe nyeusi, tunasaga, tunachuja kwa kitambaa halafu kwa chekeche laini, tunaacha utuame, tunamwaga maji ya juu, tunaosha tena mpaka maji yatoke safi. Unakaushwa kwenye oveni isiyozidi nyuzi 40. Unga unaopatikana ni mweupe na mwepesi, na ukiusugua kati ya vidole unalia.

Aprili, mvua zikiwa zimekolea

Chini ya darubini chembe za wanga wa ndizi ni ndefu na hazilingani. Ndogo ni kama mikromita 10, kubwa hupita 40. Hili ndilo lililotuchukulia muda mwingi kuliko kitu kingine chochote kwenye mradi, na nalieleza kwa kirefu kwa sababu yeyote atakayejaribu wanga wa ndizi atakutana nalo.

Utando tunaopaka ni mwembamba, haufikii mikromita 100. Chembe ya mikromita 40 ikilala ndani yake, inashika karibu nusu ya unene. Chembe mbili zikigusana, zimetoboa njia kutoka nje hadi ndani. Kidonge kinaonekana kimepakwa vizuri, laini kabisa, lakini ukikiweka kwenye asidi kinaanza kuvuja. Zaidi ya hayo chembe kubwa ziliziba pua ya kupulizia mara kwa mara.

Jibu la haraka lilikuwa kusaga. Tuliusaga wanga kwenye kinu chenye gololi, chembe zikawa ndogo, utando ukapendeza. Kisha tukaupima kwa pankreatini, yaani vimeng'enya vya kongosho, ukamumunyika karibu wote. Kusaga kunavunja mpangilio ule ule unaoufanya uwe sugu. Tulikuwa na utando mzuri ambao utumbo mwembamba ungeumaliza kabla bakteria hawajauona.

Njia iliyofaa imetoka kwenye hatua tuliyokuwa tayari tunaifanya, ya kutuamisha. Chembe kubwa huzama haraka, ndogo hukawia kwenye maji. Tunakoroga wanga kwenye mtungi mrefu, tunangoja kubwa zishuke, tunavuta maji ya juu kwa mpira bila kutikisa, na kuyaacha yatuame kivyake usiku kucha. Kinachopatikana ni sehemu ndogo ya wanga wote, lakini chembe zake zinalingana na hazijajeruhiwa. Zile kubwa hatuzitupi. Fundi wetu wa maabara, ambaye tunamwita Mzee kwa heshima ya miaka aliyokaa kwenye vidonge kuliko sisi sote, amependekeza ziingie ndani ya kidonge chenyewe kama kijazo, na tumemsikiliza.

Mei, mwanzoni

Sufuria ya kupakia tumetengenezewa Kamukunji na fundi wa vyuma, chuma kisichoshika kutu, yenye vibao vya ndani vya kugeuzia vidonge. Tulimpelekea mchoro. Aliutazama, akauliza vidonge vina uzito gani na vinaanguka kutoka juu kiasi gani, kisha akasema, "Mwalimu, hivi vibao vyako vitavivunja. Niache nivilaze kidogo." Alivilaza, na vidonge havivunjiki.

Mchanganyiko wa kupaka: Eudragit S iliyotawanywa kwenye maji na kupunguzwa asidi kwa amonia kidogo, trietili sitrati ya kulainisha utando usipasuke, talki ya kuzuia kunata, na wanga wa chembe ndogo unaokorogwa bila kusimama ili usizame. Uwiano wa polima na wanga tumeuacha 70 kwa 30.

Mvua inatutesa. Hewa ikiwa na unyevu, maji hayakauki upesi juu ya kidonge, na vidonge vinashikana viwiliviwili kwa ubapa. Tumepunguza kasi ya kupulizia na kuongeza hewa ya moto, lakini moto nao hauruhusiwi kupanda sana kwa sababu ya wanga. Stima ilipotea katikati ya fungu moja kubwa na vidonge vikakaukia vimegandana, tukalitupa lote. Sasa tunapaka mafungu madogo, asubuhi.

Mesalazini yenyewe inataka ulinzi. Ikikaa kwenye mwanga na hewa hugeuka kutoka rangi ya waridi hafifu hadi kahawia. Tunafunika madirisha na kuandika rangi ya kila fungu.

Mei, mwishoni

Jaribio la asidi: asidi haidrokloriki ya molari 0.1, nyuzi 37, saa 2. Kikomo kinachokubalika ni dawa isiyozidi asilimia 10 kutoka kwenye kidonge. Mafungu yenye wanga ambao haukutenganishwa yameshindwa. Yenye chembe ndogo yamepita, na yale yenye utando mnene zaidi yamepita bila dawa yoyote kuonekana kwenye spektrofotomita, mashine inayopima dawa kwa mwanga. Baada ya asidi tunavihamisha kwenye maji yenye pankreatini, pH 6.8, na hapo pia vimebaki vimefungwa.

Kisha pH 7.4, ufunguo wa kwanza. Kwenye bafa (maji yanayoshikilia pH isibadilike) ya fosfati vidonge vilifunguka vizuri na haraka, na wanafunzi walifurahi. Niliwaomba wangojee. Utumbo haujajaa fosfati. Kinachoshikilia pH mle ndani ni baikaboneti, na nguvu yake ni ndogo. Polima inapoyeyuka hutoa asidi yake yenyewe. Fosfati inaimeza papo hapo, baikaboneti haiwahi, kwa hiyo pH kwenye uso wa kidonge hubaki chini na utando unayeyuka polepole.

Tulinunua mtungi wa kaboni dioksaidi kwa muuza gesi wa Industrial Area na kuweka mpira unaopuliza gesi kwenye chombo, maana bila gesi baikaboneti haitulii, pH inapanda yenyewe. Kwenye baikaboneti ya pH 7.4 vidonge vile vile vilichelewa sana. Tofauti ni kubwa kiasi cha kubadilisha mahali dawa inapotokea: safari ya utumbo mwembamba huchukua saa 3 hadi 4 hivi, na kidonge kikikawia mkiani mwake kitakuwa kimeshaingia utumbo mpana. Kwetu hilo ni zuri, mradi kitu kingine kiwepo cha kukifungua huko. Fosfati tumeiacha. Matokeo yote yajayo ni ya baikaboneti.

Juni, katikati

Ufunguo wa pili. Kamati ya maadili imetupa kibali cha kupokea kinyesi cha watu waliojitolea. Kinachanganywa na bafa iliyoondolewa oksijeni, kwenye chombo kilichojazwa naitrojeni, na kidonge kinaning'inizwa ndani yake. pH tunaishikilia 6.8, chini ya kiwango cha polima, ili kama kidonge kitafunguka tujue ni bakteria waliofungua. Inabidi kuisimamia, kwa sababu bakteria wanaokula wanga hutoa asidi na kuishusha.

Ugumu ulikuwa kuwapata watu. Masharti yanataka mtu ambaye hajatumia antibayotiki miezi mingi. Katika jengo lililojaa watu wa famasia na wauguzi, wengi walipokaa kukumbuka, walikuwa wamemeza kitu: koo, jino, tumbo. Tuliowapata tunawashukuru kwa moyo wote.

Matokeo yameniweka maabara hadi usiku. Vidonge vya Eudragit S peke yake vilikaa mle vimefungwa hadi mwisho wa jaribio. Vidonge vyetu vilianza kutoa dawa, na tulipovitazama chini ya darubini utando ulikuwa umejaa matundu yenye umbo la chembe za ndizi. Wanga uliliwa, polima ikabaki imesimama imetoboka. Mzee alitazama kwa muda mrefu, akasema, "Wamekula kila walichopewa." Nimepiga picha za fungu zima.

Halafu tukafanya lile lililonileta hapa tangu kliniki. Mtu mmoja aliyekuwa amemaliza metronidazoli aliyoandikiwa na daktari wake alikubali kutupa kinyesi. Mle ndani vidonge vyetu vilikawia sana na dawa iliyotoka ilikuwa kidogo. Vidonge vya fungu hilo hilo, vikiwekwa kwenye baikaboneti ya pH 7.4 bila bakteria wowote, vilifunguka. Ufunguo mmoja ulipokosekana, mwingine ulifanya kazi. Mtu mmoja hatoshi kwa hitimisho, na tunatafuta wengine.

Inabaki hali ya tatu: mgonjwa ana uvimbe mkali, pH yake iko chini, na ametoka kumeza metronidazoli. Kwake funguo zote mbili hazipo. Nilivyoona kliniki, huyo si mtu wa kubuni. Anaweza kuwa ndiye mgonjwa wa kawaida siku ile ya kwanza anapoambiwa jina halisi la ugonjwa wake.

Juni, mwishoni

Mgeni aliyetutembelea ameuliza kwa nini hatubebi dawa kwa chembe nano, zilizo ndogo kuliko mikromita moja. Swali ni la haki. Mwaka 2001 Lamprecht na wenzake walionyesha kwa panya wenye kolaitisi kwamba chembe ndogo sana hung'ang'ania sehemu zilizovimba kuliko kubwa. Kazi hiyo naiheshimu. Lakini mesalazini inahitajika kwa magramu kila siku, na chembe nano hubeba dawa kidogo kwa uzito wake. Mgonjwa angemeza bakuli la polima. Njia hiyo inafaa dawa zenye nguvu kwa dozi ndogo, kwa mfano budesonidi, steroidi ya kutuliza uvimbe, ambayo dozi yake ya siku ni miligramu 9. Tukifika huko tutazirudia.

Ameuliza pia kuhusu panya. Hatutawatumia kwa utando huu. pH ya utumbo wa panya haifiki 7, kwa hiyo ufunguo wa kwanza haupo kabisa kwake, na hawezi kumeza kidonge cha mtu. Tungetoa wanyama uhai ili kupata jibu lisilomhusu mgonjwa.

Julai

Baridi imeingia, hewa ni kavu kidogo kuliko Mei, na kupaka kumekuwa rahisi. Vidonge vya fungu lililofanya vizuri zaidi vimewekwa kwenye kabati la nyuzi 40 na unyevu wa asilimia 75 kwa miezi 6. Tunatazama rangi, asidi na kiasi cha dawa. Wasiwasi wangu mkubwa ni wanga kunyonya unyevu na kuulegeza utando.

Kwa hali ya tatu tuna mapendekezo mawili mezani. La kwanza ni kuongeza ufunguo wa muda: tabaka la ndani linalovimba polepole na kuupasua utando baada ya saa kadhaa, pH iwe yoyote, bakteria wawepo au wasiwepo. Hofu yake ni mgonjwa ambaye tumbo lake linakawiza chakula. Kidonge kikilala tumboni saa nyingi baada ya mlo mzito, tabaka hilo linaweza kupasuka juu kabisa. La pili halihusu kidonge. Ni kujua bakteria wanarudi baada ya muda gani metronidazoli ikishaachwa, ili daktari ajue lini aanzishe kidonge na hadi lini amwongezee mgonjwa dawa ya kuingizwa chini. Mimi naelemea la pili lianze, kwa sababu jibu lake litamfaa hata mgonjwa anayetumia vidonge vilivyopo madukani leo. Mzee anataka la kwanza, na ameshachora tabaka hilo, akitumia zile chembe kubwa za wanga ambazo maji huzivimbisha zikipikwa kwanza. Yote mawili yatafanyika. Barua ya kuomba nyongeza ya kibali kwa kamati ya maadili, ya kupokea vinyesi kila juma kutoka kwa watu wanaomaliza metronidazoli, imeandikwa na inapelekwa kesho. Ndizi za fungu la Mzee zitachukuliwa Marikiti Jumamosi.